Akiba ya Kivinjari: Taarikhi ya Ukurasa Uliojifunza Kufunguka Bila Mtandao

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania nzima, tangu Dar es Salaam mpaka vilima vya Karagwe na Kyerwa, ikaonja jinsi intaneti inavyozorota hata waziri mwenye dhamana ya habari wakati ule, Nape Nnauye, akalazimika kutoka hadharani kuwaeleza wananchi kilichotokea. Kila Mei irudipo mazungumzo ya nyaya hurudi nayo, na aghalabu huulizwa swali moja tu, kwamba waya mwingine utakuja lini; ama swali la pili, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko la kwanza, halina mwenye kuliuliza: mtandao unapokatika, kwa nini ukurasa mmoja hufunguka na kuendelea kupokea kazi ya watu, ilhali mwingine hubaki mweupe? Jibu lake ni akiba, ambayo mafundi huiita kache, na taarikhi ya akiba hiyo ina sura moja iliyoandikwa katika Afrika Mashariki, ingawa vitabu vya fani hii haviitaji.

Mwenye duka hapa Kihanga, wilayani Karagwe, haendi Bukoba kila mteja aingiapo kuulizia sukari. Huweka mzigo wa kutosha, akajua kwamba sukari na chumvi zitakaa, mkate hautakaa, na hamira ina tarehe yake. Kazi ya akiba katika kompyuta ni hiyo hiyo, na ugumu wake haumo katika kuweka bali katika kujua lini kilichowekwa kimepoteza uhalali wake, kwa maana taarifa iliyochakaa haitoi harufu, na mwenye kuisoma huiamini kama anavyoiamini iliyo sahihi.

Hatua za mwanzo zinajulikana sana nami sitazirefusha. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Cambridge alipendekeza kumbukumbu ndogo yenye kasi isimame mbele ya kumbukumbu kubwa iliyo nzito, na baada ya miaka 3 IBM wakaliingiza wazo hilo katika mashine yao ya Model 85. Wavuti ulipoenea, seva ya CERN iliyosimama kama wakala baina ya msomaji na dunia ilianza mwaka 1994 kutunza nakala za kurasa. 1996 ikaja Squid, programu ya bure iliyovifaa sana vyuo vya Afrika katika zama zile za kulipia setilaiti kwa bei ya kuumiza. Na 1997 kanuni mpya za HTTP zikaboresha namna ya kila faili kutajiwa muda wake wa kuishi.

Sura yetu inaanzia penye daftari. Tangu 1993 Tanzania ina MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na hakuna muuguzi wa zahanati asiyejua vitabu vyake kwa namba: kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha wodi ya wazazi. Kila mwezi ukiisha hesabu hujumlishwa kwa mkono, fomu ikapelekwa wilayani, na kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa ya karatasi tupu. Wakati huohuo, huko Afrika ya Kusini iliyotoka kujikomboa, Jørn Braa wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzake walikuwa wamebuni programu ya kukusanya takwimu za afya za wilaya, na toleo lake la pili, DHIS2, likaanza kuandikwa Oslo mwaka 2004 kwa ajili ya wavuti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki tangu mapema, na wataalamu wake kama Juma Lungo na Honest Kimaro walikuwa miongoni mwa walioubeba mfumo huo mpaka Wizara ya Afya ikaueneza nchi nzima kufikia 2013.

Lakini mlango ulifunguliwa na Kenya, na hapa naifuata ripoti iliyochapishwa 2012 na Ayub Manya wa Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na Braa na wenzao. Shauri la kwanza lilikuwa la kizamani: kusimika programu katika kompyuta ya kila wilaya, kisha kuhamisha takwimu kutoka moja hadi nyingine, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuamini kwamba intaneti ingefika. Walipokwenda kujaribu katika mkoa wa Pwani wakiwa na modemu za simu, wakakuta mawimbi yapo. Hayakuwa ya kutegemewa kila saa, lakini yapo. Basi wakaamua jambo ambalo nchi nyingi tajiri zaidi zilikuwa hazijalifanya: nchi nzima itumie seva moja, na kivinjari cha kila karani kibebe akiba ya kutosha kumvusha katika saa za ukimya. Kufikia mwishoni mwa 2011 wilaya zote za Kenya zilikuwa ndani.

Inafaa kuutazama ukurasa wenyewe kwa karibu. Karani huingia mtandao ukiwapo, na kivinjari kikachukua fomu zote za kituo chake na kuziweka katika hifadhi ya ndani, ambayo kwa kawaida haikuzidi megabaiti 5. Huandika namba katika kisanduku, akahamia kinachofuata, na kisanduku alichokiacha kikageuka kijani, dalili ya kwamba thamani imehifadhiwa. Mawimbi yakiondoka, ukurasa humwarifu kwamba sasa hayupo mtandaoni na kwamba takwimu zake zitakaa ndani ya kompyuta; huendelea na kazi yake kama kawaida. Mawimbi yakirejea, ujumbe mwingine humwambia kwamba zipo thamani ambazo hazijafika kwenye seva, na chini yake kuna kitufe cha kuzipakia. Hatari yake ilikuwa moja, na wakufunzi waliirudia katika kila semina: asije mtu akafuta data za kivinjari kabla ya kupakia, kwa maana atakuwa amefuta mwezi mzima wa kituo.

Sehemu ya ufundi huo iliyouwezesha ukurasa kufunguka bila mtandao iliitwa AppCache, na juu yake ulizuka ugomvi ambao hata leo mafundi wa wavuti huusimulia. Ilitungwa ndani ya kanuni za HTML5, ambazo mhariri wake alikuwa Ian Hickson, na Firefox ikaipokea 2008. Wazo lilikuwa jepesi mno: andika orodha ya mafaili, nacho kivinjari kitayatunza. Wepesi huo ndio uliokuwa na sumu. Ukurasa uliokwisha kuingia akibani ulitolewa akibani daima, hata mtandao ukiwa na nguvu. Kivinjari kilikwenda kuitazama orodha baada ya kumwonyesha mtu ukurasa wa zamani, na mpya aliuona mara ya pili afunguapo. Fundi akirekebisha faili bila ya kuigusa orodha, marekebisho yake hayakumfikia mtu yeyote, na kwa hiyo ikawa ada ya mafundi kuandika tarehe ndani ya orodha na kuibadilisha kila siku ya kazi ili kivinjari kishtuke. Faili moja kati ya mia likishindwa kushuka, sasisho zima lilitenguliwa, na atakayejua maana ya hayo ni aliyewahi kupakua kitu kizito kwa modemu mvua ikinyesha Kagera. Na lililozidi yote: fundi aliyeipa orodha yenyewe muda mrefu wa kuishi alikuwa amewafungia wasomaji wake ndani ya ukurasa mkongwe, asiwe na njia ya kuwaita watoke.

Mwezi Mei 2012 Mwingereza Jake Archibald alichapisha katika jarida la A List Apart makala iliyoitukana AppCache waziwazi, kuanzia kichwa chake cha habari, akiisawiri kama mtu fidhuli asiyefaa kualikwa, kisha akaeleza makosa yake moja baada ya moja kwa ithibati ambayo hakuna aliyeweza kuikanusha. Makala ilienea kwa kasi, na tangu siku ile fundi aliyejiheshimu aliona haya kusema anaitumia. Hoja zake zilikuwa za haki, nami nazikubali zote. Lakini insafu inanitaka niseme na upande wa pili: katika mwaka uleule ambao chombo hiki kilikuwa kikizomewa, makarani wa wilaya za Kenya walikuwa wakikitumia kupeleka takwimu za kliniki za wajawazito, na kasoro zake walizivumilia kwa kuwa mbadala wake ulikuwa ni karatasi ndani ya basi. Aliye na mtandao kila dakika huiona akiba mbovu kuwa kero tu; asiye nao hupima pia kile atakachokosa akiba ikiondolewa. Wengi waliocheka 2012 hawakuwahi kupima hivyo.

Archibald mwenyewe, kwa sifa yake, hakuishia kutukana. Alijiunga na Google, na pamoja na Alex Russell na Jungkee Song wa Samsung akahariri kanuni za kitu kipya, sevisi-woka, kilichoingia katika Chrome Januari 2015. Huyu ni mtumishi anayekaa ndani ya kivinjari na kusimama baina ya ukurasa na mtandao, na tofauti yake na aliyemtangulia ni kwamba hana amri zake mwenyewe. Fundi ndiye humwelekeza kwa kila ombi. Picha ya nembo itolewe akibani kwanza. Orodha ya wagonjwa itafutwe mtandaoni kwanza, na akiba iwe kimbilio. Fomu ya mwezi itolewe akibani papo hapo, huku nakala mpya ikiagizwa nyuma ya pazia kwa matumizi ya baadaye, mtindo ambao Mark Nottingham alikuwa ameshauwekea kanuni tangu 2010. AppCache ikaondolewa katika vivinjari vikubwa, Firefox mwishoni mwa 2020 na Chrome 2021, na kurasa zote za zamani zilizoitegemea zikapoteza uwezo wa kufunguka gizani. Aliyekawia kuboresha mfumo wake alilipa.

Katikati ya hayo ujenzi wa kurasa ulibadilika. React ya Facebook, iliyotolewa kwa umma Mei 2013, ilifundisha kuugawa ukurasa katika vijenzi vidogo vinavyojitegemea, na kila kijenzi kikaanza kuomba data yake: jedwali likiuliza jina la kituo, kichwa kikiuliza jina lilelile, menyu nayo vilevile. Dawa yake ilikuwa akiba nyingine ndani ya programu, na maktaba kama React Query, iliyotoka 2019, zikaweka ghala moja ambalo vijenzi vyote huchota, ombi moja likatosha kwa wote. DHIS2 nayo ikahamia React, na sasa mtumiaji anaweza kuchagua sehemu ya ukurasa iwekwe akibani kabla ya safari. Watengenezaji wa Next.js, mfumo uliojengwa juu ya React, walijaribu kuweka kila kitu akibani bila kuulizwa, watu wakalalamika, na katika toleo la 15 la mwaka 2024 wakarudi nyuma.

Jambo linaloniuma ni hili. DHIS2 leo inatumika katika nchi zaidi ya 70, na uzoefu ulioiimarisha ulitoka katika ofisi za wilaya za kwetu. Lakini kijana wa Karagwe anayejifunza React kwa simu yake husoma masomo yaliyoandikwa na watu wasiowahi kukosa mtandao, akaiona akiba kuwa pambo la kuongezwa mwisho, kazi ikisha. Hajui kwamba jirani yake, karani aliyekuwa akibonyeza kitufe cha kupakia mawimbi yanaporejea, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza duniani kulitegemea jambo hilo kwa kazi ya taifa. Vyuo vyetu vinavyofundisha kompyuta havina udhuru wa kuiacha sura hii nje ya mitaala, maadamu ripoti za walioiandika zasomeka. Na wizara nazo, zinaponunua mifumo mipya, zingeweka katika masharti ya zabuni sharti moja ambalo halina gharama, kwamba mfumo ujaribiwe kwanza waya ukiwa umechomolewa.