Mlimau wa ndani ya nyumba: majani yakishika weusi, usikimbilie dawa ya shamba

Hapa Bukavu na Goma wengi hawana kiwanja, basi mlimau unapandwa mu ndoo yenye imetobolewa chini na unakaa kwenye barza ama karibu na dirisha. Siku moja majani yanashika weusi kama masizi, na mtu anaenda kuchukua dawa yenye anapulizia nyanya. Hapana! Ile ni sumu ya shamba, haina nafasi mu nyumba yenye watoto wanalala.

Ule weusi ni ukungu tu. Unaota juu ya maji matamu yenye wadudu wanatoa wakinyonya mti. Geuza jani: utaona vigamba vya kahawia vyenye vinabanduka na ukucha, ama vitu vyeupe kama pamba. Ndio wenyewe. Sisimizi hawali jani, wanafuata utamu ule, tena wanawalinda wanyonyaji.

Tenga mti na mingine. Tia kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya vyombo mu litre 1 ya maji (sabuni ya unga inaweza kuunguza majani). Jioni, pitisha kitambaa jani kwa jani, zaidi upande wa chini. Rudilia kila siku 7, mara 3 ama 4, juu mayai yanabakia. Sisimizi? Simamisha ndoo juu ya jiwe katikati ya beseni ya maji, na matawi yasiguse ukuta, la sivyo watapitia pale.

Mwenye alishapuliza sumu atoe mti nje, na malimau yaliyopulizwa asiwape watoto.