Nani Atabeba Besi?

Besi ya Afrika Mashariki ilifika Ghuba kabla ya umeme. Katika liwa, ngoma iliyovuka bahari pamoja na mabaharia na watumwa kutoka pwani yetu na ambayo hadi leo huchezwa nchi za huko, zumari hutangulia na ngoma kubwa, msondo, huunguruma chini yake. Zanzibar nako muziki wa kidumbaki ulikuwa na sanduku: boksi la majani ya chai lililopinduliwa, fimbo na kamba moja, mpigaji akivuta na kulegeza mpaka noti ipatikane. Ukimaliza shughuli unajitwika unakwenda zako. Mzigo ulianza besi ilipotaka soketi.

Mtengeneza vyombo Leo Fender alitoa gitaa lake la besi, Precision, mwaka 1951 huko California, na mwaka uliofuata akalitafutia amplifaya, Bassman. Haikutosha muda mrefu. Noti za chini zina ulafi wa umeme: ili zisikike sawasawa na gitaa la solo, lazima spika isukume hewa mara kadhaa zaidi. Watengenezaji walijibu kwa chuma. Ampeg B-15 ya 1960 ilifaa ukumbi mdogo; lakini Ampeg SVT ya 1969, iliyozunguka Marekani na Rolling Stones mwaka huohuo, ilikuwa na valvu 14, wati 300, na kabati la spika 8 za inchi 10 ambalo wapigaji walilibatiza "friji". Kichwa chake peke yake, yaani amplifaya bila kabati la spika, kilikaribia kilo 40. Rolling Stones walikuwa na malori na vibarua.

Na bendi zetu je? Tanzania, jibu lilikuwa taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilinunua vyombo na kulipa mishahara. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa TANU. Mlimani Park ilizaliwa 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mpiga besi alikuwa mwajiriwa: anakuta amplifaya jukwaani, anaiacha jukwaani. Ndiyo maana hadithi za bendi kuvunjika ni hadithi za vyombo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima alipowavuta baadhi ya nyota wa Mlimani Park kuja Orchestra Safari Sound, wanamuziki walihama na vipaji vyao tu. Amplifaya ilibaki kwa mwenye nayo.

Tena zama zile fedha za kigeni zilikuwa adimu na vyombo vipya havikuingia kirahisi. Cha zamani hakikuwa fahari ya mtu, ndicho kilichokuwapo. Kilishonwa, kikachomelewa risasi, spika iliyopasuka ikabandikwa karatasi na gundi, na Jumamosi dansi likapigwa. Nashuku sehemu ya ule utamu tunaousifu katika rekodi za miaka ile ni mashine iliyokuwa inalemewa.

Maana utamu wa valvu upo, si ndoto za wazee. Ukizidisha sauti, valvu haikatiki ghafla. Inajibana, inaongeza uzito katikati ya noti, na sikio linaisikia kubwa kuliko wati zake. Transista za kwanza zilikuwa nyepesi kidogo lakini zikilemewa hukwaruza. Sikiliza Tom Malanga wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka huohuo wa 1978, katika "Sina Makosa": besi ni wimbo kamili chini ya wimbo. Lakini hapo anayestahili sifa kwanza ni vidole vyake. Mwenye vidole vile angetamba hata kwenye redio mbovu.

Mapinduzi ya karne hii ni amplifaya za daraja D. Badala ya kumwaga umeme mfululizo, huuwasha na kuuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Joto linalopotea ni dogo, na transfoma nzito ya amplifaya za valvu imeondoka. Wati 500 sasa zinakaa kwenye kichwa cha kilo 2 au 3, kinachoingia mfuko wa mbele wa begi la gitaa.

Sasa rudi Ghuba, utazame Muaither nchini Qatar, magharibi ya Doha, katika manispaa ya Al Rayyan: mitaa ya nyumba zenye kuta ndefu na mageti, mbali na hoteli za ufukweni ambako muziki wa jukwaani hulipwa. Mkenya au Mtanzania anayepiga besi huku hana chama wala shirika nyuma yake. Ana chumba cha kushirikiana, ana zamu ya kazi asubuhi, ana buti ya teksi. SVT ya kale iliyotoka Marekani inataka volti 120. Soketi ya Qatar inatoa 240, hivyo aongeze na transfoma ya kushushia umeme, chuma juu ya chuma. Kisha aiwashe, asubiri valvu zipate moto, harufu ya vumbi linaloungua ipande, ule mvumo uanze, na jirani wa zamu ya usiku agonge ukuta. Kichwa kipya mara nyingi kina tundu la hedifoni. Ukumbini, fundi sauti huchukua waya moja kutoka nyuma yake hadi kwenye mikseri, na spika za ukumbi hufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na friji.

Kati ya kichwa cha kale na kipya, kwa jukwaa la leo sioni ubishi: kipya. Ninachokilalamikia ni kimoja. Fundi wa Kariakoo aliweza kufungua amplifaya ya 1970, akaona kwa macho kilichoungua, akabadilisha. Cha daraja D kikifa, sakiti zake ndogo kama punje hazishikiki na mara nyingi bodi nzima hutupwa. Wapiga besi waangalifu hununua viwili. Kilo 2 zaidi begini si neno.