Mgeni Asiyekubaliana na Mwenyeji

Mwaka 1970, Makerere, Kampala, ilishuhudia mdahalo wa wasomi wawili waliotofautiana karibu katika kila jambo kubwa la Afrika ya wakati ule. Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa na profesa wa sayansi ya siasa hapo Makerere, alikuwa mliberali. Miaka mitatu nyuma aliandika katika jarida la Transition makala iliyochambua mapenzi ya wasomi wa Magharibi kwa Tanzania, mapenzi aliyoona yamewapunguzia ukali wa kuikosoa. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha Dar es Salaam, alikuwa mfuasi wa Marx, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kingetoka mwaka 1972. Wengi wanaoukumbuka mdahalo ule huuliza nani alimshinda nani. Mimi naona swali zito liko kwingine: iliwezekanaje ukumbi mmoja ukawapa wote wawili nafasi, na kwa nini nafasi ya namna hiyo ikaadimika upesi hivyo? Nadhani jibu ni kwamba vyuo vya Afrika Mashariki vilijifunza haraka kualika wageni wenye moto, lakini havikuwahi kujenga kanuni ya kumlinda mgeni anayempinga mwenyeji.

Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiko moto ulikokuwa mkubwa kuliko kwingine. Chuo kilichoanza mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la chama tawala, TANU, kilikuwa, kabla muongo haujaisha, kituo ambacho mwanamapinduzi yeyote aliyepita Dar es Salaam alitamani kukifikia. Jiji lilikuwa makao ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), kwa hiyo wasemaji hawakuhitaji kutafutwa mbali. Mwaka 1967, Azimio la Arusha, tamko la ujamaa la TANU, likiwa bado bichi, wanafunzi waliunda chama chao cha kimapinduzi, USARF, chini ya uenyekiti wa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Stokely Carmichael alikuja kutoka Marekani, C.L.R. James na Cheddi Jagan kutoka Karibi. Wanafunzi wa miaka ile walipata elimu ambayo haikuwemo katika mtaala wowote, na baadhi yao, akiwemo Issa Shivji, waliigeuza kuwa maandishi yanayosomwa hadi leo. Hilo halistahili kubezwa. Hata hivyo wageni hao walielekea upande mmoja. Waligombana juu ya njia ya kuufikia ujamaa, na ugomvi wao ulikuwa wa kweli, ila ni nadra kumwona kati yao aliyeuliza kama safari yenyewe inafaa. Kikundi cha wanafunzi kina haki ya kualika kinaowapenda. Kuleta upande wa pili ni kazi ya chuo chenyewe.

Pengo hilo lilionekana dola ilipogeuka. Desemba 1969 Rodney alitoa hotuba katika semina ya vijana jijini, na The Nationalist, gazeti la TANU, likamkemea katika tahariri kwa mapinduzi ya maneno matupu. Kilichomkasirisha mwenye nyumba safari hii kilitoka kushoto. Novemba 1970 serikali iliipiga marufuku USARF pamoja na jarida lake, Cheche, ikieleza kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha kwa wanafunzi na kwamba jina la jarida limeazimwa Urusi. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu Cheche ichapishe uchambuzi wa Shivji kuhusu tabaka jipya la watawala. Wanafunzi hawakuwa na kanuni ya kushika mkononi, kwa sababu uhuru waliokuwa nao ulikuwa ruhusa. Aliyeutoa aliweza kuutwaa.

Nairobi ilikuwa imeonja jambo hilo mapema zaidi. Januari 1969 wanafunzi walimwalika Jaramogi Oginga Odinga, aliyejiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966 na kuongoza chama cha upinzani, KPU. Serikali ilizuia hotuba, wanafunzi wakagoma, chuo kikafungwa. Kabla mwaka haujaisha KPU nayo ilipigwa marufuku. Mtawala wa Nairobi alifuata ubepari, wa Dar es Salaam ujamaa; mgeni wa Nairobi hakufika ukumbini, jarida la Dar likanyamazishwa. Nikitazama matukio hayo mawili pamoja, siwezi kukubali kwamba kosa lilikuwa la itikadi moja.

Watetezi wa serikali zile wana hoja inayostahili kujibiwa. Mataifa yalikuwa machanga, na anayesomeshwa kwa kodi ya mkulima hana budi kumtumikia. Mwalimu Nyerere aliishikilia hoja hiyo kwa dhati: Oktoba 1966 aliwarudisha makwao wanafunzi karibu 400 walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe. Nakubali kwamba deni lipo. Lakini mkulima anayelipa kodi anahitaji mtaalamu atakayeona kosa la mpango kabla halijamfikia shambani, na mtaalamu huyo hapatikani katika ukumbi ambao kila msemaji anaitikiwa. Wengine watauliza kama basi Mlimani ingepaswa kumwalika mtetezi wa makaburu huku wapigania uhuru wakifa. Hapana, aliyekana utu wa wasikilizaji wake hakuwa na haki ya kudai kiti. Odinga na Mazrui hawakuwa watu wa namna hiyo, na wale walionyamazishwa pamoja na Cheche hawakuwa pia.

Uganda nayo haikubaki salama. Rajat Neogy, mhariri wa Transition, alikamatwa mwaka 1968 wakati wa Rais Obote, na mwaka 1973 Mazrui aliondoka nchini chini ya Idi Amin, akaishia kufundisha Michigan. Rodney aliondoka Dar es Salaam mwaka 1974 kwenda kushika uprofesa Guyana, akakuta serikali ya Burnham imezuia uteuzi wake. Akauawa kwa bomu Georgetown Juni 1980. Mazrui aliteuliwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta mwaka 2003, baada ya serikali kubadilika Kenya, akiwa na umri wa miaka 70.