Meli ya kifahari iliyovutwa na wavuvi wa jodari

Juzi kati kuna staa mmoja wa hapa Bongo, jina kapuni, aliposti picha akiwa juu ya meli ya kitalii, glasi mkononi, miwani usoni, bahari ya bluu nyuma yake. Komenti zikajaa: maisha ndiyo haya, wengine tunazeeka tu, Mungu nione na mimi. Mimi niko zangu huku Mgololo kwenye misitu ya misindano na baridi la Mufindi, bahari naionaga kwenye simu, na nilichowaza ni kimoja tu. Hivi hilo dude likizima injini katikati ya maji, hao wote wenye glasi inakuwaje?

Nikaanza kuchimba. Kumbe stori ipo, tena sio ya mbali, ni hapa hapa Bahari ya Hindi.

Mwaka 2012 kulikuwa na meli ya kitalii ya Kiitaliano inaitwa Costa Allegra. Jina hilo Allegra kwa Kiitaliano ni mwenye furaha, mchangamfu. Kwa nje ilikuwa nyeupe na mabomba ya njano, ndani kuna bwawa la kuogelea, kumbi za muziki na migahawa. Ila ukiifuatilia ukoo wake unacheka kidogo, maana haikuzaliwa staa. Ilijengwa Finland mwaka 1969 kama meli ya kubeba makontena na ikaitwa Annie Johnson. Miaka ya mwanzo ya 1990 Waitaliano wakaichukua, wakaifumua na kuijenga upya kuwa meli ya kitalii. Kwa lugha ya mtaani, lilikuwa fuso lililopigwa bodi ya basi la kifahari. Sisemi kwamba ndiyo sababu ya yaliyotokea, ila kitu chenye umri wa miaka zaidi ya 40 kina mambo yake.

Februari ile Allegra ilikuwa na abiria zaidi ya 600 na wafanyakazi zaidi ya 400. Ilitoka Antsiranana kule kaskazini ya Madagascar, ikaelekea Mahé, kisiwa kikubwa cha Shelisheli, ambako ilitakiwa kufika tarehe 28. Baada ya hapo ingepandisha mpaka Bahari ya Shamu na kumalizia Savona, Italia. Watu walishalipia kila kituo na wameshapanga siku gani wanapiga picha wapi.

Jumatatu tarehe 27 moto ukawaka kwenye chumba cha majenereta. Mabaharia wakauzima, hakuna aliyekufa wala kuungua. Lakini meli ya kisasa ni kama ghorofa linaloelea, bila umeme hamna kitu kinachokwenda. Injini kimya, kiyoyozi kimya, majiko kimya, pampu za maji kimya. Na pampu zikikaa kimya, vyoo navyo vinagoma. Hapo fikiria watu zaidi ya 1,000, joto la karibu na mstari wa ikweta, halafu choo hakivuti.

Abiria walivalishwa maboya na kukusanywa kwenye vituo vyao vya dharura. Hapa ndipo lazima ujue kitu kimoja ili uelewe hofu yao. Wiki sita tu nyuma, tarehe 13 Januari, meli nyingine ya kampuni hiyo hiyo, Costa Concordia, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio kule Italia ikalala ubavu, watu 32 wakafa. Dunia nzima iliona zile picha. Sasa wewe umekaa juu ya meli ya kampuni ile ile, umevaa boya, unanusa moshi, taa zimezima. Hata uwe na pesa kiasi gani, hapo wote mnakuwa sawa.

Na sio hilo tu. Maji yale mwaka 2012 yalikuwa maji ya maharamia wa Kisomali, kipindi ambacho meli zilikuwa zinatekwa mpaka karibu na Shelisheli. Allegra yenyewe ilikuwa imebeba wanajeshi wa Kiitaliano tisa kwa ajili ya kuilinda. Yani uko gizani, huendi mbele wala nyuma, na kuna askari wenye bunduki wanachungulia baharini. Daah.

Usiku ule watu walihama vyumbani. Vyumba vya meli bila kiyoyozi ni oveni, hasa vile vya chini visivyo na dirisha. Wakabeba magodoro na mito, wakajitandaza juu kwenye sitaha, mzee aliyelipia chumba cha bei mbaya kalala pembeni ya kijana aliyelipia cha bei chee. Chakula kikawa mikate na vitu baridi, maana majiko hayawaki. Baadaye helikopta zikawa zinaleta mikate, tochi na simu za setelaiti.

Aliyewafikia wa kwanza sasa! Haikuwa manowari wala meli ya kifahari mwenzake, ilikuwa meli ya Kifaransa ya kuvua jodari, inaitwa Trevignon. Bandari ya Victoria pale Mahé ni moja ya bandari kubwa za jodari kwenye bahari yetu hii, kwa hiyo wavuvi ndio waliokuwa karibu. Wakafunga kamba, wakaanza kuivuta Allegra taratibu kama punda anayevuta lori. Picha za angani zipo. Unaona jumba jeupe la starehe linafuata nyuma ya meli ya samaki. Mimi hiyo picha niliitazama muda mrefu sana. Majina ya wale wavuvi hakuna anayeyakumbuka, hata mimi sina.

Mpango wa kwanza ulikuwa wapelekwe Desroches, kisiwa kidogo cha matumbawe ambacho kilikuwa karibu zaidi. Abiria wakaambiwa hivyo, wakapata moyo. Halafu wakubwa wakapiga hesabu upya. Desroches hakina gati ya kuishika meli kama ile, watu wangelazimika kushushwa kwa boti ndogo moja moja, na kisiwani hakuna vitanda vya watu 1,000. Kwa hiyo nchi kavu iliyokuwa karibu ikaachwa, safari ikarefushwa mpaka Mahé.

Kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa uamuzi mgumu kuliko yote, na nadhani ulikuwa sahihi. Ila jiweke kwenye nafasi ya mtu ambaye hajaoga, kalala nje, kaambiwa kesho tunashuka, halafu anaambiwa hapana, tunaongeza siku nyingine. Hapo ndipo meli nyingi hupoteza abiria kichwani kabla ya kuwapoteza mfukoni. Joto watu wanalivumilia, lakini kutojua kinachoendelea kunawamaliza.

Alhamisi asubuhi tarehe 1 Machi wakaingia Victoria, boti za kuvuta zikisaidia. Walioshuka walitoa stori za aina mbili. Wapo waliolalamikia harufu, joto na giza, na wapo waliowasifu wahudumu kwamba ndio waliowashika mkono. Wahudumu wa meli hizi ujue wengi wanatoka Asia, vijana waliokwenda kutafuta maisha, na wao walikuwa kwenye giza lile lile na vyoo vile vile, tofauti ni kwamba walikuwa kazini.

Kisha kampuni ikaweka ofa mezani. Anayetaka kwenda nyumbani anapandishwa ndege. Anayetaka kubaki, anakaa hotelini Shelisheli wiki moja au mbili, gharama za kampuni. Nauli inarudi, na juu yake fidia ya kiasi kile kile ulicholipa. Unajua ilikuwaje? Zaidi ya nusu walibaki! Watu waliotoka kulala sakafuni wakasema hapa hatuondoki, tunamalizia likizo yetu ufukweni. Wazungu bana.

Allegra yenyewe haikurudi tena kazini. Mwaka huo huo iliuzwa, ikapelekwa Aliağa kule Uturuki kukatwakatwa vyuma chakavu.

Usidhani huo ulikuwa mwanzo wa mambo haya. Tarehe 1 Aprili 1974, siku ya wajinga kabisa, meli kubwa ya Waingereza QE2 iliishiwa nguvu karibu na Bermuda baada ya boila zake kuharibika. Abiria zaidi ya 1,600 wakakaa wanaelea, vinywaji vikatolewa bure ili watu watulie (mbinu ambayo hata mjini inafanya kazi). Ikaja meli ya Norway inaitwa Sea Venture, abiria wakahamishwa kwa boti ndogo katikati ya bahari, wakapelekwa Bermuda badala ya huko visiwani Karibi walikokuwa wanakwenda. Kwa wapenzi wa burudani, hiyo Sea Venture baadaye ikabadilishwa jina kuwa Pacific Princess, ndiyo ile meli ya tamthilia ya Marekani The Love Boat. Kabla ya kuwa staa wa televisheni ilishawahi kuokoa jahazi la wenzake.

Na mwaka mmoja baada ya Allegra, Februari 2013, ikaja zamu ya Carnival Triumph kwenye Ghuba ya Mexico, watu zaidi ya 4,000. Moto kwenye chumba cha injini tena, umeme umekata tena, vyoo tena. Walitaka kuivutia Progreso kule Mexico, mkondo wa bahari ukaisukuma kaskazini, ikabidi wabadilishe na kwenda Mobile, Alabama. Wapo abiria ambao hata pasipoti hawakuwa nazo, hivyo kushukia Mexico kungekuwa mtihani mwingine. Siku tano wanaelea. Walipofika wakapandishwa mabasi, na basi moja likaharibika njiani! Kuna watu wana nuksi jamani.

Lakini Triumph ilileta kitu. Kelele zilikuwa kubwa mpaka Mei 2013 umoja wa makampuni ya meli za kitalii ukatoa orodha ya haki za abiria. Ndani yake mna haki ya kurudishiwa nauli yote safari ikifutwa kwa sababu ya ubovu wa mitambo, kurudishiwa sehemu ikikatishwa, kupewa taarifa mapema ratiba ikibadilika, na kulipiwa malazi ukilazimika kulala bandari ambayo haikuwa kwenye ratiba. Waliiandika wenyewe makampuni, kwa hiyo usishangilie sana, ila ipo kwenye maandishi na abiria anaweza kuishika.

Hapo mimi nikanyamaza kidogo, maana niliwahi kulala Ruaha Mbuyuni. Basi moja, jina silitaji, lilikufa jioni kabla hatujaanza kupanda Kitonga. Konda akasema dakika kumi tu. Zile dakika kumi zilifika asubuhi. Kina mama wakatandika khanga watoto wakalala pembeni ya viroba vya vitunguu, mzee mmoja akagawa mahindi yake ya kuchoma kwa watu asiowajua. Kulipokucha likaja basi lingine tukapanda, wengine wamesimama mpaka Mafinga. Kuhusu nauli hakuna aliyeuliza. Wala haikutujia kichwani kwamba ni kitu cha kuuliza.

Na kwa upande wa maji, miezi ile ya Allegra sisi tulikuwa kwenye msiba. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, mamia wakapotea. Julai 2012 MV Skagit ikafuata. Allegra imekaa katikati ya tarehe hizo mbili. Ndiyo maana mtu wa Zanzibar ukimwambia abiria walilipwa kwa kukosa kiyoyozi, anaweza kukutazama tu asikujibu.

Halafu kuna Liemba. Hii wengi wa rika letu tunaisikia tu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwenye karakana ya Meyer, hiyo hiyo ambayo leo inaunda meli kubwa za kitalii anazopostia yule staa wetu. Ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku 5,000, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam na kwenda Kigoma kwa reli, ikaungwa upya huko na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui, lakini kabla ya hapo mafundi wakazipaka injini grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikipiga Kigoma mpaka Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi njiani havikuwa na gati, abiria walikuwa wanaifuata kwa mitumbwi, na mzigo ulikuwa unarushwa juu huku meli inanguruma.

Chombo cha umri huo kinapoumwa, abiria wake hawapewi hotelini wiki mbili. Ikisimama kwa matengenezo, na imeshasimama mara nyingi, mwishoni mwa miaka ya 2010 ikasimama mazima, mwenye dagaa wake anageukia boti za mbao, mgonjwa anapakiwa humo humo, na ziwa likichafuka wanasubiri ufukweni. Ratiba yao inabadilishwa na upepo, na hakuna helikopta ya mikate.

Hizo stori za kwao ndizo nimezitafuta nikazikosa, kila nikisoma nakuta injini, Wajerumani na mwaka iliozamishwa. Kama una bibi au babu Kigoma, Kirando au Kasanga aliyewahi kuwa ndani ya Liemba siku ilipozima katikati ya maji, muulize walikula nini, walilala wapi na nani alikuwa anawapa taarifa, halafu shusha hapo chini kwenye komenti. Jina lake sio lazima.