Kimeng'enya Kilichoitwa Jichoni

Hapa Nkende, mkulima akichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, mara nyingi hujibu, "Mchungaji, mimi ni mtu wa jembe tu." Nyuma ya jibu hilo kuna wazo kwamba Mungu anataka mtu wa namna nyingine, aliyeiacha kazi yake ya kwanza. Historia ya lenzi ya jicho yaweza kutusaidia kulipima wazo hilo.

Lenzi ni kile kioo laini kilicho nyuma ya mboni, kinachokusanya nuru. Imejaa protini zilizosongamana kwa mpangilio mzuri, na ndiyo maana inapitisha mwanga. Protini hizo zikiharibika na kugandamana, nuru hukwama. Ndipo tunasema mzee ana mtoto wa jicho. Zile za katikati ya lenzi hazibadilishwi. Bibi wa miaka 80 anaona kwa protini alizozaliwa nazo.

Mwaka 1894, Mörner wa Sweden alizitenganisha protini hizo, nazo zikaitwa kristalini. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba zipo kwa ajili ya jicho peke yake.

Njia ya kuona umbo la protini ilifunguka mwaka 1934 huko Cambridge, Uingereza. J. D. Bernal na Dorothy Crowfoot walipitisha eksirei katika fuwele za pepsini, kimeng'enya kinachosaga chakula tumboni. Vimeng'enya ni protini za kazi: huchochea mabadiliko ya kikemia mwilini. Fuwele nayo ni molekuli zilizojipanga safu kwa safu, kama katika punje ya chumvi. Eksirei ikipita humo huacha madoa yenye mpangilio, na kutokana na madoa hayo mtaalamu hukokotoa umbo la molekuli.

Mwaka 1987 Graeme Wistow na wenzake walitangaza jambo la kushangaza. Protini mojawapo kuu katika lenzi ya bata, na ya mamba pia, ni kimeng'enya kile kile kinachoshughulikia asidi ya laktiki katika moyo. Baadaye ilionekana kwamba katika bata jeni ni moja, na kazi ni mbili.

Kisha akaja sengi, ambaye wengine humwita sange. Ni mnyama mdogo wa Afrika mwenye pua ndefu. Anafanana na panya, lakini kwa nasaba yu karibu zaidi na tembo. Aina moja kubwa, ya milima ya Udzungwa hapa Tanzania, ilielezwa na wanasayansi mwaka 2008. Katika lenzi za sengi kuna protini iitwayo eta-kristalini. Mwaka 2003 Wistow, Christine Slingsby na wenzao walichapisha umbo lake lililosomwa kwa fuwele. Ni umbo la kimeng'enya cha jamii ya aldehidi dehidrojenasi, ambacho hushughulikia kemikali zitokanazo na vitamini A. Protini hiyo imepewa utumishi jichoni, na bado inaweza kuifanya kazi yake ya zamani.

Vijana wetu wakisoma haya chuoni, wengine hudhani ni lazima wachague: ama Mungu aliumba jicho, ama jeni ya kale ilipewa kazi mpya. Sioni ulazima huo. Protini haithibitishi Injili, wala haiipingi. Lakini anayemwamini Muumba hana sababu ya kushangaa akikuta kwamba kitu kipya kimetokana na kilichokuwapo. Fimbo ya Musa ilichunga kondoo kabla ya kunyoshwa juu ya bahari. Paulo alihubiri Korintho huku akishona mahema.

Martin Luther alifundisha mwaka 1520 kwamba mhunzi na mkulima wamewekwa wakfu kwa ubatizo sawa na kasisi. Tofauti ni ya kazi tu. Basi mkulima wa Nkende akiitwa kwenye baraza la wazee, aje na subira aliyojifunza kwa kungoja mvua, na uaminifu wa mtu anayejua mpaka wa shamba la jirani. Kanisa linavihitaji hivyo. Na kesho yake asubuhi, jembe lake linamngoja.