Mshipi, Rili na Ruhusa: Historia Fupi ya Kumfuata Jodari kutoka Durban

Sisi tunaokaa Greyville, mtaa wa Durban unaojulikana zaidi kwa uwanja wake wa mbio za farasi, husikia swali moja kila kiangazi kinapoingia: anayekwenda kumvua jodari kina kirefu kwa mara ya kwanza achukue zana gani? Dukani atajibiwa kwa namba na bei. Sisi tutajibu kwa historia, kwa sababu kila kifaa kilichomo mkobani mwa mvuvi kina umri wake, na ruhusa ya kukitumia baharini nayo ina umri wake.

Tuanze na mshipi wa mkono. Katika pwani ya Waswahili, mvuvi wa jodari amekuwa akitegemea mshipi, ndoano na chambo, huku jicho lake likifuata ndege wanaoshukia dagaa. Wavuvi wa Kojani, kisiwani Pemba, wanajulikana kwa kusafiri mbali kupiga dago penye samaki. Shida yao ni ileile ya kila mvua jodari: samaki huyu akinasa hukimbia, na asiyemwachia mshipi hukatikiwa. Basi lazima mshipi uende, lakini uende kwa uzito. Kwa mshipi wa mkono, uzito huo hutiwa na kiganja, na kiganja hulipa kwa malengelenge.

Rili ilibuniwa ili kukipumzisha kiganja, lakini haikufaulu mara moja. Tarehe 1 Juni 1898, Charles Frederick Holder alimvua jodari wa pauni 183, yaani kilo 83 hivi, kwa ufito na rili karibu na kisiwa cha Santa Catalina, California. Rili za wakati ule hazikuwa na breki ya ndani. Samaki alipokimbia, mpini ulizunguka kinyume na kuumiza vidole. Breki ya ndani inayokazwa kwa gurudumu lenye umbo la nyota ilipatikana yapata 1913. Nailoni ilitangazwa 1938, na baadaye mishipi yake ikaziondoa zile za kitani zilizooza upesi kwa maji ya chumvi.

Hapa Durban, wavuvi wa miambani na ufukweni waliipenda rili ya Scarborough, iliyopewa jina la mji wa pwani wa Uingereza. Ni gurudumu tupu lisilo na breki, na kiganja bado ndicho kinachozuia. Kutoka nchi kavu inatosha. Ila jodari hukaa nje, katika maji ya moto ya mkondo wa Agulhas, na kumfikia kunahitaji chombo. Katika miaka ya 1940 wavuvi wa Natal walianza kutumia boti bapa, nyepesi, zenye injini, zinazosukumwa majini kutoka ufukweni na kuvuka mawimbi. Kwa boti hizo kina kirefu kikawa safari ya asubuhi moja.

Safari ya nani? Hapo ndipo historia ya zana inapokutana na historia ya watu. Miongoni mwa Wahindi walioanza kuletwa Natal mwaka 1860 kwa kazi za mikataba, baadhi walipomaliza mikataba yao waligeukia uvuvi, wakakaa Kisiwa cha Salisbury ndani ya ghuba. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kisiwa hicho kikafanywa kituo cha wanamaji, nao wakaondoka. Ng'ambo ya ghuba, huko King's Rest, waliishi Wazanzibari wa Durban, wazao wa watu waliokombolewa utumwani, wengi wao Wamakua. Kundi lao la kwanza, watu 113, lilishuka kutoka meli ya kivita Briton mwezi Agosti 1873. Chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950, wao nao waliondolewa, wakapelekwa Chatsworth, bara, mbali na ghuba. Greyville yenyewe haikusalimika: Block AK ilitangazwa kuwa ya Wazungu na wakazi wake Wahindi wakahamishwa. Fukwe nazo ziligawanywa kwa rangi hadi zilipofunguliwa kwa wote mwishoni mwa 1989.

Linganisheni miaka hiyo. Nailoni, rili yenye breki na boti za kuvuka mawimbi zilienea wakati uleule ambapo watu wa ghuba walikuwa wakisukumwa bara. Tukimwona leo mzee ameshika Scarborough juu ya gati, tusiseme kwamba hakujua zana bora. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na wengine walizuiwa kuyafika.

Basi anayekwenda mara ya kwanza achukue rili yenye breki na mshipi mrefu wa kuhimili kilo 24. Breki aikaze kwa theluthi moja tu ya nguvu hiyo. Afunge uzi mnene mwishoni, na ndoano ya duara, ambayo mara nyingi hunasa pembeni mwa mdomo badala ya tumboni. Achukue glavu, na asisahau kibali cha kuvua.

Chama chetu nacho kina kazi yake. Chatsworth wapo wazee wa Kizanzibari, na majina ya samaki, mishipi na ndoano wanayoyakumbuka, kwa Kiswahili au Kimakua, hayauzwi duka lolote. Twendeni na daftari kabla hawajatutoka.