Kampuni Iliyosoma Madaftari ya Manahodha

Somo letu la leo ni habari za kampuni moja ya Waholanzi, iliyofanya biashara na nchi za mashariki tangu mwaka 1602 hata 1799. Iliitwa V.O.C. Ilitafuta pilipili manga, karafuu na kungumanga, na wala haikuzitafuta kwa upole: mwaka 1621 iliwaua watu wengi wa visiwa vya Banda ili kungumanga iwe yake peke yake.

Wakuu wa kampuni walikuwa mabwana 17, nao walikaa Uholanzi. Mji wao mkubwa huko Asia ulikuwa Batavia, ambao leo ni Jakarta, katika kisiwa cha Java. Mwulizeni mwalimu wenu awaonyeshe katika ramani. Je, mtu aliye mbali hivyo atajuaje mambo ya duka lake?

Waliamuru kila jambo liandikwe. Nahodha aliandika katika daftari habari za upepo, mwendo wa merikebu na pwani alizoziona. Safari ilipokwisha, alirudisha daftari na ramani, kwa maana zilikuwa mali ya kampuni. Makarani wa Batavia nao walikusanya habari za vituo vyote, wakazipeleka Uholanzi kwa barua ndefu.

Sasa sikilizeni faida yake. Zamani merikebu zilipopita Rasi ya Tumaini Jema ziligeuka kaskazini, upande wa Madagaska. Huko zilikutana na joto, maradhi, na siku zisizo na upepo. Mwaka 1611 Hendrik Brouwer alishika njia nyingine. Kutoka Rasi alikwenda mashariki moja kwa moja, akisukumwa na pepo kali za magharibi zivumazo kule kusini, ndipo akageuka kwenda Java. Safari ya karibu mwaka mzima ikawa ya miezi kama sita. Mabwana wale wakapata habari, na baada ya miaka michache wakawaamuru manahodha wote wafuate njia ya Brouwer.

Lakini wakati ule baharia hakuweza kupima sawasawa amefika umbali gani mashariki. Aliyechelewa kugeuka alifika Australia, kama Dirk Hartog mwaka 1616. Hessel Gerritsz, mchora ramani wa kampuni huko Amsterdam, alikusanya madaftari ya safari hizo, na mwaka 1627 akachora ramani ya pwani ile.

Hata hivyo, mwaka 1629 merikebu iliyoitwa Batavia ilipanda miamba karibu na pwani hiyo usiku, nayo ilikuwa na watu zaidi ya 300. Waholanzi walikwisha kuiona miamba hiyo tangu mwaka 1619! Mlinzi aliona maji meupe mbele. Nahodha akadhani ni mwanga wa mwezi. Hakujua kwamba yuko karibu na nchi.

Karatasi za kampuni zilizobaki ni kurasa kama milioni 25. Zimetunzwa Uholanzi, Jakarta, Cape Town na mahali pengine, na watu wanazisoma hata leo.